UZI: 13-HODE na ndugu zake, mafuta ya kwenye mahindi yanayogombana na kuvu wa sumukuvu

Fundi_Pipeti (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za mchana. Uzi huu ni wa wanaoshika pipeti na wa wale wanaopenda tu kujua, wengine kaeni pembeni na bisi zenu mtusikilize.

Mahindi, alizeti, karanga, soya, vyote vina asidi ya linoleiki, ile omega-6 ya kaboni 18 yenye vifungo maradufu viwili, kimoja kaboni ya 9 kingine ya 12. Mwili wako hauwezi kuitengeneza, lazima uile. Hilo tunalijua tangu George na Mildred Burr wawanyime panya mafuta kule Minnesota, 1929 na 1930, panya wakatoka magamba mpaka mkiani. Sasa hiyo linoleiki yenyewe haina maneno mengi. Maneno yanaanza oksijeni ikishaigusa.

Kuna enzaimu inaitwa lipoksijenasi, ipo kwenye mbegu, ipo na kwetu binadamu. Inachukua oksijeni inaipachika kwenye kaboni ya 13 au ya 9. Ikitua 13 unapata 13-HPODE, ni hidroperoksaidi, haitulii hata kidogo. Ikipunguziwa oksijeni moja inakuwa 13-HODE ambayo angalau inakaa. Ikitua 9 unapata 9-HPODE na 9-HODE. Uzito ule ule, fomyula ile ile, tofauti ni oksijeni ilitua wapi basi.

Na hapo ndo utamu ulipo, 1997 kikundi cha Nancy Keller kule Texas walionyesha kwamba 13-HPODE inawanyamazisha jeni za kutengeneza sumukuvu ndani ya kuvu wa Aspergillus, halafu 9-HPODE inafanya kinyume, inaziacha ziendelee kuwaka muda mrefu zaidi. Mafuta hayo hayo ya punje hiyo hiyo! Kwahiyo mahindi na kuvu wanasemezana kwa lugha ya mafuta na sisi tunakula matokeo.

Nimeufungua uzi kwa sababu kila mtu akiona kichupa cha hii kitu anauliza "ipo kiasi gani kwenye sampuli". Mi nasema hilo ni swali la pili. La kwanza ni imetokea wapi, nani kaitengeneza na lini. Karibuni.

mchumi_uchwara

Mkuu hii ndo ile CLA ya kupunguza tumbo? Kama inapatikana naomba bei ya jumla, nina wateja Kariakoo.

Fundi_Pipeti

@mchumi_uchwara hapana. CLA nayo ni jamaa wa linoleiki ila ni kitu kingine kabisa, vifungo vyake vimesogeleana lakini hakuna oksijeni iliyoongezwa. Hii ninayoongelea inakuja kichupa cha mikrogramu 50 au 100, imeyeyushwa kwenye ethanoli, na kibandiko kimeandikwa ni ya utafiti tu, sio ya mtu wala mnyama. Mikrogramu 100 ni moja ya kumi ya miligramu. Ukiimwaga mezani hata huioni. Tumbo la nani litapungua kwa hiyo.

mchumi_uchwara

Haya nimekaa na bisi.

Otieno_Kisumu

Fundi salimia watu wa Moro. Mimi niko upande wa mahindi pia, na hapa kwetu hii stori si ya maabara peke yake. 2004 kule Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye aflatoksini, hiyo sumukuvu yenyewe, mahindi yao wenyewe ya shambani yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo ukiniambia kuna mafuta ndani ya punje yanaweza kuizima hiyo sumu mimi nasikiza na masikio yote.

Lakini kaka hiyo hesabu ya 13 nzuri na 9 mbaya imenyooka sana. 2009 kuna watu wa chuo cha Texas A&M waliharibu jeni moja ya mahindi, ZmLOX3, ambayo kazi yake ni kutengeneza hizo za upande wa 9. Kwa hesabu yako mahindi bila LOX3 yangefaa kuwa salama zaidi si ndio? Ikawa kinyume. Aspergillus walishambulia zaidi na sumu ikapanda. Na cha kushangaza mahindi hayo hayo yakawa magumu kwa Fusarium, kuvu mwingine wa mahindi. Sasa hapo utasema aje?

Fundi_Pipeti

@Otieno_Kisumu hapo umenishika pazuri na ndo nilikuwa nategea mtu aseme. Ile ya 1997 ni kuvu anapewa lipidi kwenye sahani, hakuna mmea. Ya 2009 ni mmea mzima, ukizima LOX3 lipoksijenasi zingine zinabadilisha mwendo, na hizo lipidi za 9 mmea nao unazitumia kujilinda, sio kwamba zipo pale kumhudumia kuvu. Kwahiyo molekyuli moja ina wasikilizaji wawili na kila mmoja anasikia lake. Mimi sioni kama zinapingana, naona mtu aliyesoma ile ya kwanza tu akaanza kuota dawa ya kupulizia ghalani ndo ana shida. Mkulima leo akitaka kinga aanike mahindi vizuri na atumie Aflasafe, ambayo ni kuvu wasiotoa sumu wanaowanyima nafasi wale wenye sumu. 13-HODE bado ni ya kuulizia maswali.

mama_ntilie_wa_mjini

Samahanini wasomi, mimi nakaanga chipsi na samaki. Mnasema alizeti ina hiyo linoleiki, na kwenye makundi ya WhatsApp wanatuma kwamba mafuta ya mbegu yakipata moto yanageuka sumu ndo hizo HODI HODI zenu. Niache alizeti nirudi kwa mawese?

Kijana_wa_Singida

Mama usiniharibie soko 😂😂

Bibi_Maabara

Mwanangu mama ntilie, hodi hodi umenichekesha. Ngoja nikujibu mimi maana nimestaafu nina muda.

Alizeti ya kawaida linoleiki yake inafika asilimia 60 na zaidi, mawese kama 10, nazi kama 2 hivi. Kwahiyo ni kweli alizeti inashikwa na oksijeni haraka kuliko nazi. Lakini kwenye karai la moto hizo hidroperoksaidi hazidumu, zinakatika vipande, na vipande vyenyewe ndo vina harufu ile ya mafuta yaliyochoka, humo kuna aldehaidi ambazo si nzuri. Kwahiyo kosa sio alizeti, kosa ni mafuta ya juzi yaliyokaangiwa samaki jana na leo yanapokea chipsi. Badilisha mafuta, yakianza kutoa povu na kuwa meusi mwaga, kibiashara inauma najua.

HODE zinazopimwa kwenye damu ya mtu nyingi zinatengenezwa humo humo mwilini, kutoka kwa linoleiki iliyokwisha kaa kwenye kuta za seli na kwenye chembe za kolesteroli. Na kuhusu kula linoleiki yenyewe, 2019 kulikuwa na uchambuzi uliounganisha tafiti 30 za nchi 13, waliokuwa na linoleiki nyingi kwenye damu walipata magonjwa ya moyo kidogo zaidi, sio mengi zaidi. Hao wa WhatsApp waulize kama wameiona.

mama_ntilie_wa_mjini

Shikamoo bibi, nimekuelewa. Ahsante.

dogo_wa_afya

Bibi shikamoo. Ila kuna upande mwingine mnauruka. Hizi HODE ziko kwenye maumivu. Kuna risepta TRPV1, ile ile ambayo pilipili inaigusa ukasikia moto mdomoni, inafunguka pia joto likipita kama nyuzi 43. David Julius aliigundua 1997 na 2021 akapewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Sasa 2009 na 2010 timu ya San Antonio ikaonyesha ngozi ya panya ikipashwa moto inatoa 9-HODE na 13-HODE na zenyewe ndo zinaifungua hiyo risepta. Yaani umeungua, ngozi inatengeneza pilipili yake yenyewe.

Halafu kuna watu wa NIH, taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, Christopher Ramsden na wenzake, 2021 waliwapa lishe watu 182 wenye kipandauso kwa wiki 16. Waliokula samaki wengi na kupunguziwa linoleiki walipungukiwa kama siku 4 za kuumwa kichwa kwa mwezi ukilinganisha na lishe ya kawaida, waliokula samaki bila kupunguza linoleiki siku kama 2. Sio kitu cha kupuuza bibi.

Bibi_Maabara

Marahaba mwanangu. Sipuuzi, huo ni utafiti mzuri na mgonjwa wa kipandauso akitaka kujaribu azungumze na daktari wake. Ninachokataa ni mtu kutoka kwenye kipandauso kwenda kwenye "alizeti ni sumu kwa wote". Na usisahau HODE hizo hizo 1998 kikundi cha Ronald Evans kule Salk, California, walizikuta zinaamsha PPAR gama ndani ya makrofaji (seli za kinga), ni swichi ya kwenye kiini cha seli inayoamua seli ifanye nini na mafuta. Na kule Houston Imad Shureiqi akakuta kwenye saratani ya utumbo mpana enzaimu ya 15-lipoksijenasi imezimika na 13-HODE imepungua, yaani pale upungufu wake ndo unatia wasiwasi. Kwenye ngozi iliyoungua inaleta maumivu, kwenye utumbo inaonekana kusaidia seli mbovu zife. Sasa ni nzuri au mbaya? Swali halina kichwa.

Otieno_Kisumu

Bibi wewe ni moto 🔥

Turudi kwa kichupa. Mimi nataka kununua 13-HODE nijaribu kwa Aspergillus flavus wa mahindi ya hapa. Kichupa kikifika nifanye nini, na umeme huku unapotea kila saa.

Fundi_Pipeti

Sawa hapa ndo kwangu, nakumiminia yote.

Kwanza kabla hujaagiza, angalia unataka ipi. Mchapisho wa 1997 ulitumia ile yenye hidroperoksaidi, 13(S)-HPODE, sio HODE. Watu wengi wananunua HODE kwa sababu inatulia halafu wanashangaa kuvu hajali. HPODE inataka friza ya nyuzi hasi 80, HODE hasi 20 inatosha. Kama umeme wenu ndo huo basi HPODE usiiweke hata siku moja, itengeneze asubuhi uitumie mchana, nitakuja hapo.

Pili, ethanoli. Kichupa cha HODE cha mikrogramu 100 kwenye mililita moja ya ethanoli ni kama mikromola 337. Ukitaka mikromola 10 kwenye sahani yako na ukachota moja kwa moja, utakuwa umeweka ethanoli asilimia 3, na hapo kuvu ataathirika na pombe wewe uandike ni lipidi. Kwahiyo ethanoli unaipuliza na gesi ya naitrojeni taratibu mpaka ikauke, sio hewa ya kawaida na sio kuiacha wazi usiku, halafu hapo hapo unaweka DMSO (kiyeyusho kingine) mikrolita 34, unapata milimola 10, ukipunguza mara elfu unapata mikromola 10 zako na DMSO asilimia 0.1 tu. Ukitumia yote inakupa mililita 33 hivi za kazi, basi imeisha, kwahiyo panga kwanza kwenye karatasi. Na kontroli yako iwe na DMSO ile ile asilimia 0.1, na kontroli nyingine iwe na linoleiki yenyewe isiyo na oksijeni, ukiikosa hiyo mtu wa kupitia mchapisho atakurudisha nyumbani.

Tatu, kioo. Vitu vya mafuta vinapenda kung'ang'ania plastiki, kiwango kidogo kama hicho nusu inaweza kubaki ukutani mwa kichupa. Na kama kuna serumu kwenye mchanganyiko, albumini, protini ya damu, inaibeba lipidi yako, iliyobaki huru ni kidogo kuliko unavyodhani. Mchanganyiko wa maji usiuweke mpaka kesho.

Friza ikizima siku nzima usitupe kichupa kwa hasira, ipime kwanza. Hizi zote zina vifungo viwili vilivyofuatana kwa hiyo zinanyonya mwanga kwenye nanomita 234, mikromola 10 inakupa kama 0.23 kwenye kuveti (kikombe cha kupimia mwanga) ya kwatzi ya sentimita moja. Kama unaona bega linapanda karibu na 280 basi sehemu imeshageuka ketoni, hiyo sio HODE tena.

Otieno_Kisumu

Hii nime-save. Lakini 234 inaniambia iko HODE, hainiambii ni 9 ama 13.

Fundi_Pipeti

Haikwambii kabisa. Wala haikwambii kama ni S au R, na hapo ndo narudi kwenye swali langu la mwanzo. Enzaimu ikipachika oksijeni inachagua upande mmoja, hizi mbili ni kama kandambili ya kushoto na ya kulia, zinafanana ila haziingii mguu mmoja. Lipoksijenasi yetu ya 15 inatoa karibu zote 13(S). Oksijeni ya hewani ikijifanyia yenyewe haina ustaarabu, inatua 9 na 13 karibu sawa sawa, S na R nusu kwa nusu. Kwahiyo sampuli ikiwa na 13-HODE nyingi na yote S, kuna enzaimu imefanya kazi. Ikiwa 9 na 13 zinalingana na S na R zinalingana, hicho ulichopima ni uzembe wa kuacha sampuli mezani. Kuzitenganisha unahitaji LC-MS (mashine ya kutenganisha molekyuli na kuzipima uzito) yenye kolamu ya kairali, ile inayotenganisha S na R, na standadi zenye dutiriamu ndani yake, yaani molekyuli hiyo hiyo yenye haidrojeni nzito, ya kulinganishia. Kolamu hiyo ghali, lakini bila hiyo namba zako ni namba tu.

Kijana_wa_Singida

Mkuu umesema kuitengeneza mwenyewe asubuhi. Inawezekana kweli au ni maneno ya jukwaani?

Fundi_Pipeti

Inawezekana, na ni ya zamani. Lipoksijenasi ya soya Theorell aliipata katika fuwele 1947, inauzwa kama unga. Unachukua linoleiki safi, bafa ya boreti ya pH 9, unaweka kwenye barafu, unapitisha oksijeni, unaongeza enzaimu, unaangalia 234 ikipanda mpaka itulie. Hiyo pH 9 usiichezee, ukishuka karibu na 7 enzaimu inaanza kukuchanganyia na za 9 humo. Hapo una 13(S)-HPODE. Ukitaka HODE unaongeza sodiamu borohidraidi, halafu unashusha asidi, unavuta kwa etha, unasafisha kwa HPLC (mashine ya kutenganisha molekyuli). Etha mbali na moto tafadhali, sitaki kusikia mtu kaunguza jengo kwa uzi wangu.

Na kwa faida ya akina mama wa uji wa lishe, ile ladha ya ubichi kwenye soya isiyokaangwa ni kazi ya enzaimu hiyo hiyo, inatengeneza 13-HPODE, enzaimu nyingine inaikata inatoka heksanali, ndo hiyo harufu ya majani. Soya ikikaangwa kabla ya kusagwa enzaimu inakufa mapema.

dogo_wa_afya

Na damu je? Nina sampuli za wagonjwa kwenye friza tangu mwaka jana, nilitaka nizipime HODE.

Fundi_Pipeti

Ziliwekwa BHT, ile ya kuzuia oksijeni isiyashike mafuta, wakati wa kuchukuliwa? Ziliwekwa barafuni? Friza hasi 80 au hasi 20? Zimeyeyushwa mara ngapi?

dogo_wa_afya

Hasi 20. BHT hapana. Zimeyeyushwa kwa ajili ya kolesteroli na sukari.

Bibi_Maabara

Mwanangu hizo pimia kitu kingine. Linoleiki ni nyingi sana kwenye plazma, ikijioksidisha hata kwa sehemu ndogo sana inazidi HODE yote aliyokuwa nayo mgonjwa. Anza upya na mrija wa EDTA (wa kuzuia damu isigande), barafu, BHT, sentrifuji ya baridi, gawanya vichupa vidogo, hasi 80, kila kichupa kinayeyushwa mara moja tu.

dogo_wa_afya

Daah. Bibi umeniua.

Otieno_Kisumu

Na mahindi? Mimi nilikuwa nimepanga kusaga punje na mashine ya kawaida halafu nivute mafuta.

Bibi_Maabara

Hapo ndipo wengi wanapotea. Punje nzima imetulia, lipoksijenasi iko kwake na mafuta yako kwake. Ukiisaga umevikutanisha, na hewa ipo, na joto la mashine lipo. Enzaimu inaanza kazi hapo hapo. Utapima 9-HODE nyingi useme ni kuvu kasababisha, kumbe kasababisha kinu chako. Na mahindi yaliyokwisha oza kidogo yanavunjika kirahisi zaidi kwa hiyo hata kulinganisha na mazima hakutakuwa haki.

Gandisha punje kwa naitrojeni ya kimiminika kwanza, saga zikiwa bado zimeganda, unga uingie kwenye methanoli baridi yenye BHT na standadi zako za dutiriamu kabla haujayeyuka. Standadi inaingia mwanzo, sio mwisho.

Otieno_Kisumu

Naitrojeni ya kimiminika Kisumu bibi? Nitoe wapi.

Bibi_Maabara

Waulize watu wa uhimilishaji wa ng'ombe, mbegu za madume wanazitunza humo. Sisi tulikuwa tunachota kwao, huku kituo kiko Usa River, kwenu pia wapo. Nenda na chupa yako maalum ya kubebea, mfuniko usiukaze maana ile gesi lazima itoke, glavu za baridi, na kwenye gari fungua madirisha.

Otieno_Kisumu

Kuna jamaa hapa wa AI, huo uhimilishaji wa ng'ombe, namjua. Wacha nimpigie kesho nimuulize kama atanipa lita tano.

mchumi_uchwara

Hiyo naitrojeni bei gani kwa lita?